Posa Iliyokataliwa kwa Kiingereza

Nafundisha Kiingereza uani kwetu, Kismayo, kila alasiri. Wanafunzi wangu ni wanawake na wasichana, na kila mmoja ana lake lililomleta. Huyu ana mume Ulaya na makaratasi yasiyokwisha, yule anatafuta kazi katika ofisi za misaada, na mmoja, mama wa makamo mwenye ulimi mkali, anachotaka ni kujua wajukuu zake wanamsema nini kwenye simu. Maneno niliyowafundisha ni mengi, lakini lililonitoa jasho ni moja tu: "impossible".

Kulitamka hawakushindwa. Walikataa kulitumia. Nililiandika ubaoni, nikasema ni neno la sifa, hupewa jambo lisilo na njia kabisa, halafu nikamtaka kila mtu atunge sentensi yake. Wakanitazama. Yule mama wa makamo akaniuliza, "Mwalimu, yambo gani hilo lisilo na ndia, na Mungu yupo?"

Nikamwambia, mathalan, samaki kupanda mnazi.

"Mola akitaka atapanda."

Nikasema punda kuzaa ng'ombe. Hapo wakaniambia niombe msamaha kwa Mwenyezi Mungu, nikauomba, na darasa likaharibika. Sentensi moja tu niliipata siku hiyo, na aliyeitunga alisema kwamba ni impossible kumshinda mwalimu wetu kwa ubishi. Wote waliipigia makofi. Nikaisahihisha herufi, maana sarufi yake haikuwa na kasoro.

Mimi neno hili nililipata katika kambi ya wakimbizi, ng'ambo ya mpaka, nilikozaliwa baada ya vita kuwatoa wazazi wangu katika visiwa vyetu vya Wabajuni. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mgeni kutoka mbali, na alilitumia kama chumvi. Lori la maji likichelewa, impossible. Chai ikizidi sukari, impossible. Mtoto asiyetulia kitini naye alikuwa impossible, na mtoto huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Nililipenda kwa sababu lilikuwa linamaliza mazungumzo. Akishalitamka, watu wote walikwenda zao.

Kwetu mazungumzo hayamalizwi hivyo. Mbajuni aliyelelewa akaleleka hamwambii mwenziwe hapana usoni. Ukiniomba mashua yangu na mimi sitaki kukupa, nitakwambia ina ufa. Wewe unajua haina ufa, jana umeiona ikirudi na samaki, lakini utanipa pole ya ule ufa na tutaachana kwa salama. Kesho ukiiona baharini hutaniuliza. Tukikutana na mchuuzi king'ang'anizi sokoni, hukopa "maya" ya Kisomali, tukaitema, tukapita. Kisomali kina hapana yake fupi na sisi sote tunakisema, kwa hiyo sidhani kama wazee wetu waliona haja ya kujichongea ya kwetu.

Kiswahili bila shaka kina neno "muhali", na ukitafuta maana yake utaambiwa ni jambo lisilowezekana. Lakini msikilize mtu wa pwani akilitumia. "Nilimwonea muhali," atakwambia, yaani nilishindwa kumkatalia. Niliwaeleza wanafunzi wangu kwamba waliotuachia lugha hii, walipotafuta jambo gumu kuliko yote duniani, waliona ni kumnyima mtu usoni pake. Nilijiona nimesema la maana. Mama yangu, aliyekuwa akipepeta mchele upande wa pili wa ua, alisema angalau hilo linaingia akilini, kuliko yale mambo ya punda.

Mama ndiye bingwa wa muhali. Ndiye aliyenipa taabu ninayotaka kuieleza.

Nina shangazi, binamu wa marehemu baba yangu, ambaye vita vilimtupa Uingereza na huko akabaki. Siku moja alimpigia mama simu, wakaulizana hali hadi ya kuku, kisha akatoa lake. Mwanawe ameniona katika picha za harusi moja ya Mombasa na amenipenda. Ni kijana mzuri, anaswali, na kazi yake ni kutengeneza lifti. Mimi wakati huo nilikuwa na umri ambao majirani huacha kuuliza "lini" wakaanza kuuliza "kwa nini", kwa hiyo mama alilia kidogo kwa furaha kabla ya kunitazama.

Sikutaka. Na yeye sikuwa na neno, hata sikumjua. Nilichokuwa sitaki ni kuhamishwa. Nimezaliwa kambini, nikakulia Mombasa katika chumba cha kupanga, tukizima taa kila tuliposikia askari wanaulizia vitambulisho mtaani. Niliporudi huku na mama nilikuwa mtu mzima. Tulikwenda Chovae kwa bibi, mama yake mama, aliyekataa kuondoka kisiwani wakati wenziwe wote wanakimbia. Nilipokanyaga mchanga wa pale, na watu nisiowajua wakaniambia nina pua ya nani na mwendo wa nani, nilijua nimefika. Nikaolewe Uingereza niwe mkimbizi tena, safari hii mwenye pete? Nilimwambia mama wazi, "Mama, mimi sitaki kwenda."

"Nimesikia," akasema. "Nitawajibu."

Nikatulia. Nilisahau mama anavyojibu.

Alimwambia shangazi, "Nyumba yavuya, wifi yangu. Mwana aolewe mayi yamwangukia kichwani?" Mtu yeyote wa kwetu angeelewa pale pale. Shangazi naye alielewa. Naapa alielewa, kwa sababu alinyamaza kidogo kabla ya kusema, "Haya, wifi." Lakini alimpenda mwanawe kuliko alivyopenda kuelewa. Alikwenda akamwambia maneno kama yalivyo, kwamba nyumba ya kina binti inavuja.

Sasa mfikirie mtu huyu. Aliondoka akiwa mtoto wa kubebwa. Kibajuni amekipata jikoni kwa mama yake, na adabu nyingine zote amezipata kwa watu wanaosema wanachotaka. Kazi yake ni kupigiwa simu na kuambiwa lifti haipandi. Akiambiwa hivyo hakasiriki na haoni kwamba amefukuzwa. Anauliza lifti ya aina gani, anachukua kipuri, anakwenda.

Haikupita wiki, mkokoteni wa mabati ulisimama mlangoni petu. Yule bwana alikuwa amelipia kila kitu dukani kwa simu, hata misumari. Aliyeezeka alikuwa ami yangu, ndugu wa baba, ambaye ni fundi wa mashua na ndiye walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Alikuwa juu ya paa na misumari mdomoni, kila anapopigilia mmoja anasema, "Yambo hili si zuri." Lakini kazi aliifanya vizuri sana. Mvua ya kwanza ilipokuja, tulikaa chini ya paa hilo tukaisikiliza, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba raha ilikuwa raha.

Mama akajaribu tena. Alimwambia shangazi kwamba bibi yangu wa Chovae hawezi kutembea, na mimi ndiye ninayemtunza. Bibi, mnielewe, alikuwa akitembea kunishinda. Alikuwa akizunguka kisiwa kutafuta kuni na kurudi na habari za kila nyumba. Baada ya muda ukafika mzigo mkubwa bandarini: kiti cha magurudumu, kipya, na breki. Tukakipeleka Chovae kwa boti, kwa sababu kukirudisha kungekuwa kumtangaza mama kuwa mwongo. Bibi alikizunguka, akakibonyeza mto. Magurudumu yalizama mchangani hadi kwenye ekseli. Alitushukuru, akakisimamisha penye jua, na tangu siku hiyo samaki zake wa ng'onda hukaukia pale, mbali na paka.

Nikamfokea mama. Nilimwambia kila udhuru anaoutoa unarudi na risiti. Akaniambia nisimfundishe kusema na watu, yeye atatafuta udhuru usionunulika. Basi akamwambia shangazi kwamba wanafunzi wangu hawajamaliza masomo na siwezi kuwaacha njiani. Ukaja ubao mweupe na kalamu zake, na viti vya plastiki vya darasa zima. Wanafunzi wangu, ambao mpaka hapo walikuwa wakikaa mkekani, walivikalia viti vya posa yangu wakanipa hongera. Yule mama wa makamo alisema mume kama huyo asipewe jibu haraka, kwa sababu darasa bado halina feni.

Mbaya zaidi ni kwamba mama alianza kuonja utamu. Siku moja nilimkuta amesimama jikoni, analitazama kapu la samaki kwa makini, midomo inamcheza.

"Mama."

"Sijasema kichu."

"Mama, ukitamka samaki wanaoza, nitaondoka hapa leo."

Akacheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, lakini moyoni nilianza kuogopa. Majirani walikuwa wameshaona paa. Mtaani nilipopita waliniita bibi harusi. Ami alikuja akakaa barazani, hakugusa hata kahawa yake, akamwambia mama, "Mla cha mwenziwe na chake huliwa, shemegi. Mchu akikuezekea nyumba, utamwambiaye?"

Mama akakichukua kikombe kilichopoa, akaenda zake jikoni. Alipopigiwa simu tena na shangazi, alitoa udhuru wake wa mwisho, ule wa kale kuliko wote. Alisema miezi hii si ya kuoa. Wazee wetu walikuwa hawaozi kati ya Idi mbili, na yeye hapendi kuvunja ada. Nilidhani safari hii amepatia, maana ada haiuzwi dukani. Yule bwana akamuuliza mama yake Idi ya pili inaangukia lini, akahesabu, akakata tiketi ya wiki inayofuata Idi hiyo. Alikuwa anakuja Kismayo, yeye na shangazi, kusikia jibu.

Nilikasirika siku zile kupita kiasi. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia shangazi kwa kujitia hafahamu, na yule bwana nilimkasirikia kuliko wote. Nilisema ni mtu wa namna gani ambaye hawezi kusikia anakataliwa. Mtoto wa kwetu wa miaka saba angekwisha kuelewa kwenye mabati. Wanafunzi wangu walisema pengine ni mjinga. Nikasema si mjinga, ni msikivu kupita kiasi, na nikashangaa mwenyewe kwa nini namtetea.

Walipofika hawakuja kwetu kwanza. Alitaka kwenda Chovae kumwamkia bibi, kwa kuwa ndiye mkubwa. Habari zilitufikia kabla yao. Boti ilimtapisha njia nzima. Alikikuta kiti chake cha magurudumu kimejaa samaki, na watu wa kisiwa wakasimama kutazama atasema nini. Alicheka, wakasema, akacheka mpaka akajifuta macho, halafu akamuuliza bibi kama magurudumu mapana zaidi yangefaa kwa mchanga ule. Bibi alimlisha, akamuombea dua, na kwa njia ya nahodha akatuletea salamu fupi: kijana ana macho mazuri, lakini sisi tufanye tunavyoona.

Walikuja kwetu baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa amefukiza udi nyumba nzima. Ami, shangazi na mwanawe walikaa ukumbini. Mimi nilikaa chumbani nyuma ya pazia, na mama akiingia na kutoka na kahawa na visheti, kila akipita ananifinya mkono. Nilimsikia yule bwana akisema kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa nzito na ya taratibu, na Kibajuni chake kilikuwa cha ajabu, cha kizee, maneno ambayo hata mama hayasemi tena. Alikuwa ameyatunza vile vile kama alivyopewa. Kitu cha kwanza alichomuuliza ami baada ya salamu kilikuwa kuhusu paa.

"Bado yavuya?"

"Haivuyi," ami akasema, na nikamsikia akikohoa.

"Alhamdulillahi," akasema yule bwana, na alikuwa amefurahi kweli. Nilitaka kucheka na nilitaka kumrushia sinia.

Kisha ukaja wakati wenyewe. Kwetu jamaa za binti wakinyamaza juu ya posa, wamekataa. Lakini binti mwenyewe akiulizwa na walii wake akanyamaza, amekubali, hiyo ndiyo ridhaa ya mwanamwali na kila mtu anaijua. Kwa hiyo kimya chote cha mama nyuma ya udhuru wake, kilichotulinda miezi ile, kikihamia kwangu kingeniozesha. Ami alisimama karibu na pazia. Alinipenda ami, na najua alikuwa anaona tabu.

"Mwanangu," akasema, "nduguyo huyu amekuya kutoka mbali. Wasemaye?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Nilimuona akisogeza midomo bila sauti: sema inshallah. Lakini inshallah yangu ingeingia sikio la nani? Ami angeelewa, shangazi angejitia hakuelewa, na yule mwenye vipuri vyake angeuliza inshallah hiyo inapungukiwa na nini ili akainunue. Na kusema "sitaki" kwa lugha yetu, mbele ya shangazi yangu aliyekuwa akinililia mtoto wake, mdomo wangu haukuwa na njia ya kuyatoa maneno hayo. Ulimi hauna mfupa, wanasema, lakini wangu siku hiyo ulikuwa na mbavu nzima.

Basi nikasema kwa Kiingereza. Sikuomba radhi, sikuzungusha, sikuongeza neno mbele wala nyuma.

"Impossible."

Nililitamka vizuri. Mwalimu wangu wa kambini angefurahi.

Ami hajui Kiingereza, na nadhani alidhani nimetoa maneno ya heshima ya kisomi, kwa sababu alisema "Naam, naam" kisha akasubiri. Shangazi, pamoja na miaka yake yote Uingereza, amekaa kule na Wabajuni wenziwe na hakuwahi kuhitaji zaidi ya salamu na bei. Katika nyumba ile tulikuwa wawili tu tuliojua nimesema nini. Nilisikia kikombe kikiwekwa juu ya kisahani, polepole sana.

"Asemaye?" shangazi akauliza. "Mwanangu, asemaye?"

Niliushika upindo wa pazia. Nilijua sasa atawaambia. Mtu yule alikuwa anasema kila kitu kama kilivyo, na angelitafsiri kama anavyotafsiri kasoro ya lifti. Mama yangu angeaibika mbele ya wifi yake, ami angeaibika kwa kuniuliza, na shangazi angerudi Uingereza na neno ambalo lisingesahaulika katika ukoo mzima. Nilifumba macho.

"Asema inshallah, mama," akasema. "Asema bibi yake si mzima. Hawezi kumwata."

Yule bibi aliyempikia juzi. Aliyemsindikiza hadi kwenye boti akiwa na mtungi begani, ameukataa mkono wake alipotaka kumpokea. Watu wote mle ndani walimjua bibi, na watu wote walielewa. Hakuna aliyetazamana na mwenziwe.

"Mungu amponye," akasema shangazi, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Amina," akasema ami.

"Amina," akasema mama mlangoni, akaingia na birika.

Kisha wakanywa kahawa. Walikaa sana, kama inavyotakiwa, wakazungumza bei ya mbao na nani amefariki na nani amepata mtoto, na yule bwana aliulizwa kuhusu lifti akaeleza. Hakuna mtu aliyeondoka na jeraha la kuonekana. Mama alijaribu kutaja mabati, na shangazi akamwambia mabati yana misumari ya ami yake binti, nani atayang'oa. Waliagana mlangoni kwa kukumbatiana, wakalia kidogo, kilio cha watu wanaoendelea kuwa ndugu.

Nikafunua pazia kidogo kutazama. Alikuwa ameinama barazani anavaa viatu vyake, vya kamba, viatu vya mtu asiyezoea kuingia na kutoka majumbani mwa watu. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Kamba moja ilikuwa imemshinda. Mtu ambaye miezi yote ile hakusikia udhuru hata mmoja, alikuwa ametoka kutunga wa kwake, papo hapo, na ameutunga uzuri kuliko mama yangu. Aliutunga kwa ajili yetu, wakati aliyekuwa anaumia ni yeye.

Hapo nilimtaka. Sitajificha. Uingereza bado sikuitaka, na baridi yake sikuitaka, lakini mtu yule nilimtaka aache kile kiatu, ageuke, aniulize mara moja tu kitu kinachopungua ni nini. Ningemwambia. Ningemwambia hapo hapo kwamba mimi nyumba yangu iko hapa, na kama lifti hakuna Kismayo, mitambo ya boti ipo tele na yote mibovu. Hakugeuka. Akafunga kamba yake, akampa mama yake mkono kushuka ngazi.

Nilibaki nakusanya vikombe, na mama akakaa juu ya mkeka akinyoosha miguu. Alikuwa amechoka na amefurahi, mambo yameisha kwa uzuri. Nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, kama watu waliojibiwa inshallah hurudi tena kuposa.

"Wengi," akasema. "Babayo alirudi. Mamangu alimwambia mimi naumwa na jino. Akenda zake, akakaa, akarudi kuuliza jino limepoaye. Nami nilikuwa nishabadili nia, ikawa limepoa."

"Kwa hiyo na huyu anaweza kurudi."

Ananijua mama yangu.

"Wewe ulimwambiaye," akauliza, "kwa Kizungu chako kile?"

Nikamweleza maana yake, kama ninavyoieleza darasani. Ni sifa ya jambo lisilo na njia kabisa, leo wala kesho, hata mtu afanye nini. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono, akanipokea sinia, akaliweka chini.

"Basi harudi," akasema. "Huyo kalelewa huko. Amekuamini."